Usiache Chuo, Lakini Usikisubiri

Wiki hii mambo mawili yamenijia kwa mpigo. Mzee mmoja mwenye yadi ya kuegesha malori kule Tunduma amelifungia kabatini daftari lake la mapato na kuniambia, "Binti, kuanzia leo nahesabu kwa mfumo wako wa kompyuta tu." Jioni hiyohiyo kijana wa mwaka wa pili, anayesoma sayansi ya kompyuta hapa Mbeya, akaniandikia: "Dada, shikamoo. Nataka kuacha chuo. Tunafundishwa vitu ambavyo hakuna mwajiri anavitaka. Bumu likiingia nanunua laptop na kozi za mtandaoni, nijifunze mwenyewe. Shangazi ana mashine ya kukoboa mpunga Mbarali, naweza kukaa kwake. Unanishauri nini?"

Najua wengi mnaonisoma mnalo swali hilo. Mnataka kuishi kwa kuandika programu, na mnataka kuishi hukuhuku kwetu bila kukimbilia Dar. Basi nitamjibu mbele yenu.

Kwanza, mdogo wangu, hasira yako ina haki. Mimi nilifanya mitihani ya kuandika programu kwa kalamu kwenye karatasi, nukta mkato ikikosekana alama zinakatwa. Algoriti ya Dijkstra ya kutafuta njia fupi, iliyochapishwa 1959, nilikariri hatua zake zote. Git, zana ya kutunza na kuunganisha mabadiliko ya programu, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 na ambayo leo karibu kila timu ya programu duniani inaitumia, sikuwahi kuisikia darasani hata siku moja. Nilipokwenda fildi nikapangiwa ofisi moja ambako kazi yangu ilikuwa kubadilisha wino wa printa na kuwafungulia wakubwa barua pepe. Ripoti ya fildi nikaandika, mhuri ukagongwa, nikapewa A.

Kisha usaili. Kampuni moja ya Dar iliniita, nikapanda basi alfajiri nikiwa na vyeti vyangu ndani ya bahasha. Wakaniuliza: chuoni, watu wanne mkiandika programu moja, mnaunganishaje kazi zenu? Nikajibu ukweli, kwamba tulikuwa tunapeana kwa flashi. Wakatazamana. Mmoja akafunga faili langu pale pale, hata kabla sijamaliza sentensi. Hakuna aliyeniuliza ninachokijua kuhusu databesi, yaani hifadhi ya data ya programu, somo nililoongoza darasani. Miaka imepita na bado inaniuma, sitaficha.

Baadaye nikagundua kwamba tatizo hili si la vyuo vyetu peke yake. Kule Marekani, MIT, chuo ambacho kila mtu anakitaja, Januari 2020 kulitolewa kozi fupi mahususi ya kuwafundisha wanafunzi wa kompyuta Git, kazi za kutumia amri za maandishi na zana nyingine za kila siku, kwa sababu masomo rasmi huziruka na kudhani mwanafunzi atazipata mwenyewe. Kama wao wanahitaji kozi hiyo, wewe usijione mjinga.

Sasa nikupeleke Tunduma, maana huko ndiko nilikopata jibu lako.

Yadi ya mzee inapokea malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, Zambia. Dereva analipia muda, mlinzi anaandika kwenye simu saa ya kuingia na ya kutoka. Mfumo wa kwanza alitengenezewa na kijana mwingine, fundi kweli wa kupendezesha skrini, kisha kijana akapokea kazi nyingine na simu hazipokei tena. Mzee akanitafuta akilalamika kwamba kuna malori yanatoka kabla ya kuingia.

Nilikwenda nikakesha na walinzi. Lori linaingia saa tano na dakika arobaini usiku. Linatoka nusu saa baadaye, saa sita na dakika kumi, lakini mfumo unaandika limetoka saa tano na dakika kumi. Nikaomba simu ya mlinzi wa geti la kutokea. Ilikuwa imeshika mtandao wa Zambia. Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja, na simu ikishika mnara wa upande ule inajirekebisha yenyewe. Ukisogea hatua chache kuelekea mpakani unarudi nyuma saa nzima, na mfumo ulikuwa unaamini saa ya simu.

Si hilo tu. Seva, yaani kompyuta kuu inayotunza data za mfumo, ilikuwa inatumia saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Kila lori lililoingia kati ya saa sita usiku na saa tisa lilihesabiwa kwenye mapato ya jana yake. Ndiyo maana daftari la mzee na ripoti havikuwahi kukubaliana, na kijana wa zamu ya usiku alikuwa karibu kufukuzwa kwa wizi ambao haukuwepo. Niliondoa kabisa saa za simu: saa inatoka kwenye seva, inahifadhiwa kwa UTC, na mtu anapoisoma inabadilishwa kuwa saa za Tanzania. Hakuna mhadhara wowote ulionifundisha hilo.

Lakini subiri. Tatizo la pili lilikuwa malipo kwa njia ya simu. Dereva analipa mara moja, mfumo unaonyesha amelipa mara mbili, mzee anafurahi mchana na kukasirika benki. Chanzo chake ni rahisi kikishajulikana: mtandao wa malipo unatuma uthibitisho kwa seva yetu, seva ikichelewa kujibu kwa sababu intaneti imeyumba, uthibitisho unatumwa tena. Yule kijana alijaribu kuzuia kwa kuandika masharti mengi kwenye programu, na bado jumbe mbili zikifika kwa wakati mmoja zote zilipita. Mimi niliiambia databesi yenyewe kwamba namba ya muamala isijirudie, wa pili ukataliwe. Ni mstari mmoja tu. Huo niliutoa kwenye somo la mwaka wa pili, lile lililoanza na Edgar Codd, aliyebuni databesi za majedwali mwaka 1970, ambalo wenzangu walisinzia. Ripoti za mwezi zilipoanza kuchelewa, nikajua niweke faharasa, yaani orodha ya kuifikia data haraka, kwenye safu ipi, na nilijua kwa nini, kwa sababu darasani tulichora ile miti ya kutafutia data mpaka vidole vikachoka.

Kwa hiyo usiache chuo. Vitu vya Git utavipata kwa bando la wiki chache. Kukaa ukielewa kwa nini miamala miwili inagongana, au kwa nini kutafuta jina moja kati ya majina milioni yaliyopangwa kunahitaji hatua zisizozidi ishirini, kunataka mtu akukalishe chini na kukupa mtihani. Ukiwa peke yako geto, masomo magumu ndiyo utakayoyaruka, nawajua vijana wengi wa hivyo.

Ila nakwambia tena kwa nguvu: usikisubiri chuo. Mwalimu akishasahihisha programu yako, programu imekufa. Kazi ya kweli inaanza siku mtu anapoitegemea kwa pesa yake, na chuo hakina siku hiyo kwenye ratiba. Wanaonung'unika kuhusu mtaala mpaka mwaka wa mwisho, kisha wananunua projekti kwa wenzao, wasilie mtaani. Tafuta mtu mmoja mwenye shida ya kweli, umhudumie sasa, ukiwa bado unakula bumu na kosa halikufukuzishi kazi.

Wewe unaye tayari. Likizo ndefu ikifika, nenda Mbarali kwa shangazi. Siku za mwanzo laptop iache ndani. Kaa mashineni uangalie wakulima wanavyoandikisha magunia yanayolazwa ghalani kusubiri bei ipande: nani anaandika, gunia linatambuliwaje, mtu akituma mtoto achukue mawili inakuwaje, wawili wenye jina moja wanatofautishwaje. Namba za simu utazikuta zimeandikwa kwa 07, kwa 255 na kwa +255, zote za mtu yuleyule. Yaandike hayo yote. Kisha tengeneza kitu kidogo cha kuhesabu magunia tu, kiweke Git tangu siku ya kwanza, na daftari la shangazi liendelee kuandikwa sambamba msimu mzima. Kila jioni linganisheni. Zikitofautiana, usilale mpaka ujue ni kwa nini. Mwaka wa tatu ukiombwa projekti, peleka hiyo, na shangazi aje kwenye utetezi kama watamruhusu.