Karatasi za kupimia sumu hazitoshi kwa hoho za kitalu nyumba

Mdogo wangu wa Kisesa, umeuliza kama zile karatasi za kupimia sumu, yaani mabaki ya viuatilifu kwenye mazao, zinatosha kabla hujavuna hoho za kitalu nyumba, maana mteja wako wa hoteli pale Mwanza mjini anataka uhakika.

Hazitoshi. Nyingi hunasa oganofosfeti na kabamati tu, yaani makundi mawili ya dawa za wadudu. Kama ulipiga dawa za aina nyingine, mfano pairethroidi au abamektini, karatasi itakuonesha pasafi na dawa ipo.

Anza na kopo lenyewe. Soma siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna, uzihesabu tangu ulipopulizia mara ya mwisho, uandike kwenye daftari. Ndani ya kitalu mvua haioshi majani na nailoni huzuia sehemu ya jua, kwa hiyo dawa hukawia kuisha. Mimi huongeza siku kadhaa juu ya zile za lebo, hata mlanguzi akipiga simu kutwa nzima.

Kipimo cha kweli ni cha maabara. Wasiliana na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, makao yao yako Arusha, uulize bei na namna ya kutuma sampuli. Chuma hoho zisizopungua 10, zifike kilo 1, kutoka mistari tofauti, si za mlangoni tu. Usizioshe wala kuzifuta! Tia kwenye mfuko mpya (si ule uliolala stoo ya dawa), zipoze kwa barafu, zisafiri upesi. Ambatanisha majina ya dawa zote, hata ile uliyochanganya kimyakimya: mankozebu, dawa ya ukungu, kwa mfano, hupimwa kwa njia yake ya pekee.