Kabla hujanunua kisu cha pili

Swali ninaloulizwa mara nyingi na Waswahili wenzangu wakiona picha zangu ni "Ndugu, visu vyote hivyo vya nini?" La pili huja faragha, kwa kawaida kutoka kwa mtu aliyekwisha kununua kimoja na sasa usingizi hauji: "Nianzie wapi?" Nitajibu la pili. La kwanza hata mke wangu bado anasubiri jibu.

Ninaishi Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, mji ambao chama cha mafundi wake wa visu kiliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1624 na mpaka leo kipo. Ninavyokusanya ni visu vya mfukoni vya mtindo wa kale: bapa moja au mawili yanayokunjika, springi mgongoni, mpini wa mfupa, pembe au mti mgumu. Havina kitufe wala kufuli. Unaingiza ukucha kwenye mfereji mdogo ubavuni mwa bapa, unavuta, kinafunguka.

Ushauri wangu ni huu: usinunue kisu cha pili kabla hujapata mtu wa kumwonyesha cha kwanza. Najua ni ushauri wa ajabu kwa mtu aliyekuja kuuliza anunue nini. Lakini nimewaona walioanza kwa kununua tu, usiku, peke yao na simu. Baada ya muda wana droo iliyojaa, hawajui kipi kizuri na kipi kimechezewa, na hakuna wa kumpigia.

Sisi hukutana Jumamosi asubuhi, tukishazunguka meza za vitu vya mtumba, kwenye mgahawa mmoja ambao mwenyewe ameshatuzoea. Hashtuki tena akileta chai akakuta visu vimepangwa juu ya taulo. Yupo dereva wa lori, mwalimu mstaafu, kijana wa mambo ya kompyuta, mama muuguzi anayekusanya visu vya kumenyea matunda tu, na mzee aliyesaga mabapa kiwandani tangu akiwa mvulana. Mimi ni mtoto wa Tanga ninayehudumia wazee kwa zamu za usiku. Nje ya meza ile sidhani kama tungesalimiana.

Mtazame yule mzee anapopewa kisu. Hakifungui kwanza. Hukiinua kikiwa kimekunjwa, akakielekeza dirishani na kuchungulia kati ya springi na mabamba ya ndani. Mwanga ukipenya, fundi alikuwa na haraka. Halafu hukifungua polepole, sikio limeinama, akingoja ule mlio mkavu bapa linapofika mwisho. Springi iliyochoka haitoi mlio, inaburuta tu. Kisha hushika ncha kwa vidole viwili na kuitikisa kulia na kushoto. Ikicheza, pini ya kiungio imelegea. Mwisho hupima kwa jicho upana wa bapa na nafasi yake ndani ya mpini: bapa likiwa jembamba mno, limeliwa na kinoo, na bei ishuke. Kazi hiyo yote haimalizi dakika moja. Nilitamani kuijifunza kwenye video nikashindwa, kwa sababu nusu yake iko kwenye kidole gumba.

Basi ukipata bahati ya kukaa na watu kama hao, kuna adabu zake. Kisu hupokezanwa kikiwa kimekunjwa. Kikiwa wazi, mpini humwelekea anayepokea. Usikifungue na kukifunga taf-taf kama kiberiti cha gesi, springi si yako. Usipitishe kidole kwenye makali kuonyesha ujuzi. Kabla ya kurudisha, kipanguse kwa kitambaa, maana chuma cha zamani hushika kutu kwa jasho la vidole tu. Na usiulize bei kikiwa bado mkononi mwako. Mwenyewe ataona umekuja kufanya biashara, na watu wa meza hii wana masikio mepesi kwa hilo.

Nikwambie kidogo kuhusu kutambua umri, kwa kuwa hapo ndipo wageni huliwa. Soma maandishi yaliyopigwa chini ya bapa, karibu na kiungio. Mwaka 1890 Marekani ilipitisha sheria ya ushuru iliyodai bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka, kwa hiyo kisu chenye neno "England" kwa kawaida ni cha baada ya hapo. Herufi V na R zenye taji katikati ni za enzi ya Malkia Victoria, aliyefariki 1901. Chuma kisichoshika kutu kilipatikana hapa hapa Sheffield kupitia Harry Brearley mwaka 1913, hivyo muuzaji akikuapia kwamba kisu chenye bapa la namna hiyo ni cha karne ya 19, mshukuru na usonge mbele. Nembo nazo ziliigwa sana. Ile nyota na msalaba wa kampuni ya Rodgers ni ya tangu 1682, na umaarufu wake uliwavuta waigaji wengi.

Ukishakuwa na kimoja, kitumie. Hili naligombania hata na rafiki zangu wanaofunga visu kwenye karatasi laini mpaka siku ya kiama. Changu cha kila siku kina bapa ambalo wenyeji huliita unyayo wa mwanakondoo: makali yamenyooka kama rula, ncha imeinama kutoka mgongoni. Kinakata kamba, kinafungua vifurushi, na embe za Pakistani zikifika madukani kiangazi, wenzangu kazini wananijua. Asidi ya embe na limau hulipaka bapa rangi ya kijivu na buluu. Usihangaike kuisugua, inasaidia kulikinga. Adui ni kutu nyekundu. Tone la mafuta ya cherehani kwenye kiungio linatosha. Ya kupikia yataganda na kunata. Kwenye bapa linalogusa chakula pakaa mafuta meupe ya madini, yale yanayouzwa kwa ajili ya mbao za kukatia. Usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi. Na ukipata chenye mpini wa seluloidi, ile plastiki ya zamani inayong'aa kama lulu, kiweke mbali na vingine, kwani seluloidi ikizeeka hutoa mvuke wenye asidi unaoozesha chuma cha jirani, na tena inashika moto upesi.

Sheria usiicheze. Hapa Uingereza, kisu cha kukunja kisicho na kufuli, chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, unaruhusiwa kutembea nacho bila kuulizwa sababu, mradi huendi nacho shuleni, mahakamani na mahali kama hapo. Kikiwa na kufuli, hata kikiwa kidogo, lazima uwe na sababu ya kueleweka. Ndiyo maana Opinel za Ufaransa zenye pete ya kukaza hubaki nyumbani kwangu, isipokuwa zile ndogo, namba 5 kushuka chini, ambazo hazina pete. Okapi nayo hubaki kabatini: kisu kilichoanza kutengenezwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya makoloni, kikapewa jina la mnyama wa misitu ya Kongo, na sasa kinatoka Afrika Kusini. Wazungu wa meza yetu wanakipenda sana chenye nyota na mwezi kwenye mpini. Ukikaa nchi nyingine, soma sheria ya huko, usiniamini mimi.

Sasa fedha na urafiki, maana hapa ndipo meza nyingi huvunjika. Waingereza wana mila: ukipewa kisu cha zawadi unamlipa aliyekupa senti moja, ili kisu kionekane kimenunuliwa na kisikate urafiki. Sisi tunaifuata bila kucheka. Mwingine hukuletea kisu na senti yenyewe ameibandika kwenye boksi, uibandue umrudishie. Zawadi haiuzwi. Ukiichoka, mrudishie mwenyewe, au mpe mwingine na umweleze ilikotoka. Kumuuzia mwenzako, tunatoza kile tulicholipa, na hakuna kuvutana bei mbele ya watu. Anayetaka faida ana minada yake, hatumkatazi, ila hatumwonyeshi kipya kabla hajanywa chai.

Jambo zito zaidi ni droo ya marehemu. Mwenzetu mmoja alipofariki, mjane wake alituita. Alikuwa hajui kipi kina thamani, na mnunuzi wa vitu vya kale alikuwa ameshapita na kumpa bei ya kuchukua vyote kwa mkupuo, bei ambayo nikiitaja hapa mtatukana. Tulikaa jikoni kwake tukaweka utaratibu, na nawashauri muuchukue ulivyo. Mmoja anaorodhesha tu. Anayekadiria bei hana ruhusa ya kununua. Wanaotaka kununua wanasubiri mpaka mjane na watoto wachague vya kubaki nyumbani, kisha wanalipa bei kamili. Kubwa kuliko yote, fanya kazi hii wewe mwenyewe ukiwa hai: karatasi ndani ya droo, kila kisu kimetoka wapi, ulilipa kiasi gani, na unataka kiende kwa nani.

Kwenye droo ile mlikuwa na visu vidogo vya matunda vyenye mipini ya pembe za ndovu. Muuguzi wetu aliviangalia kisha akaniangalia. Viwanda vya mji huu vilitumia pembe kwa wingi mno karne ya 19, na pembe nyingi zilizofika London zilipitia Zanzibar, zikiwa zimebebwa mabegani kutoka bara. Mjane akauliza vitauzwa kwa bei gani. Nikamwambia haviuzwi. Sheria ya Pembe ya 2018, iliyoanza kutumika 2022, imezuia biashara hiyo. Vitu vya kabla ya 1947 kwa kawaida huruhusiwa tu pembe ikiwa chini ya asilimia 10 ya kitu chote na kimesajiliwa, na mpini mzima unazidi hapo. Kurithisha kunaruhusiwa. Vikaenda kwa mjukuu. Sikuvitaka hata kama angenipa mimi, na wenzangu hawakuniuliza kwa nini.

Ukiwa Nairobi, Mombasa au Dar, meza ya namna hii huenda hutaikuta imeandaliwa. Anza na yule fundi wa kunoa anayepita mitaani na baiskeli yake. Hakuna anayeshika visu vingi kumshinda, na anajua nyumba ipi ina kisu cha babu kisichouzwa na ipi ina cha babu kinachotafuta mwenyewe. Mnunulie chai, mwonyeshe chako. Ila mwambie mapema kwamba hukuja kunoa: gurudumu lake ni la mapanga na visu vya jikoni, likipasha moto bapa jembamba la zamani linalilainisha chuma na makali hayakai tena. Chako kinoe mwenyewe, polepole, kwa kinoo cha maji.