Kodi ya pango ni suala la kura

Ndugu, unasema sera ya makazi nafuu ni ya wazee wenye viwanja, kijana haimhusu. Mimi naona kinyume kabisa. Mwenye nyumba tayari, bei zikipanda anatajirika. Anayeumia ni wewe mpangaji. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba gharama ya makazi isizidi asilimia 30 ya kipato. Ukishavuka hapo akiba inakufa, ndoa inaahirishwa, na kazi nzuri ya mjini unaiacha kwa kukosa pa kulala karibu nayo.

Wala si majaliwa. Vienna, mji mkuu wa Austria, ilianza kujenga nyumba za manispaa kwa wingi miaka ya 1920, na leo karibu nusu ya wakazi wake wanaishi katika nyumba za jiji au za ruzuku. Singapore iliunda bodi yake ya nyumba mwaka 1960. Sasa takriban asilimia 80 ya wakazi wanaishi katika nyumba za bodi hiyo. Hayo yaliamuliwa na watu waliopigiwa kura.

Muulize mgombea, hasa wa udiwani: ardhi ya umma atampa nani, na mpangaji atalindwaje asifukuzwe ghafla? Akikwepa, mnyime kura.