Jibu kwa aliyeuliza kwa nini mbuna wanakufa kwenye tangi jipya

Mkuu, nimesoma maelezo yako. Tangi la lita 100, mbuna wanane (samaki wa Ziwa Nyasa) wameingia siku ileile ulipolijaza, siku chache baadaye maji yakawa meupe na watatu wakafa. Muuzaji akakwambia umwage maji yote kila siku na uoshe sponji ya filta kwa maji ya bomba mpaka itakate. Nafuga mbuna hapa Dar miaka mingi sasa, na nakuomba uache ushauri huo leo hii, maana kila ukiosha sponji hivyo unarudi mwanzo.

Samaki hutoa amonia muda wote, nyingi ikipitia kwenye matamvua, na chakula kinachobaki chini kikioza huongeza nyingine. Ni sumu. Kinachoiondoa si sponji yenyewe, ni bakteria wanaoota juu yake. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu: huharibu damu ishindwe kubeba oksijeni, ndiyo maana unaona samaki wanahema juu ya maji na pampu ya hewa inafanya kazi. Kundi la pili, hasa Nitrospira, hugeuza nitraiti kuwa nitreti, na hiyo samaki huivumilia mpaka utakapobadilisha maji.

Bakteria hawa huzaliana polepole mno. Wale wa kawaida wanaweza kuongezeka maradufu ndani ya nusu saa, hawa huhitaji nusu siku au zaidi. Na hawaelei, wameng'ang'ania kwenye sponji, mchanga na mawe. Klorini ya bomba ikiwapitia wanakufa. Sponji ikamuliwe ndani ya ndoo ya maji uliyotoa kwenye tangi lenyewe, basi, irudi hata kama bado ina rangi ya kahawia. Weupe wa maji usikutishe, ni bakteria wa aina nyingine wanaofumuka kwenye matangi mapya na huisha wenyewe.

Kuna jambo linalowaumiza mbuna kuliko samaki wengine. Ziwa Nyasa lina pH (kipimo cha uchachu wa maji, namba ikiwa ndogo maji ni machachu zaidi) kati ya 7.7 na 8.6 hivi, nasi huwatengenezea maji ya namna hiyo. Lakini pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, ile sehemu ya amonia inayoua huongezeka karibu mara kumi. Kiasi ambacho samaki wa maji laini yenye pH ya chini angekivumilia, mbuna wako kinamwangusha.

Kwa hao watano waliobaki: badilisha robo au theluthi ya maji kila siku, usimwage yote. Maji ya bomba yatie dawa ya kuondoa klorini, au yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha huku pampu ikipuliza hewa (njia hii ya pili haifai kama maji yenu yanatiwa kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, ile haitoki kwa hewa). Walishe kidogo sana, siku moja wale, siku moja wapumzike. Nitraiti ikionekana kwenye kipimo, weka gramu 1 ya chumvi kwa kila lita 5. Kloridi huizuia nitraiti isipenye kwenye matamvua.

Kama rafiki anaweza kukuhifadhia hao samaki, ni heri zaidi. Hapo unalilea tangi likiwa na maji bila samaki: funga kipande cha kamba mbichi, yule wa baharini wa kuliwa, kwenye kitambaa chepesi, kizamishe, kiachie kioze. Amonia itapanda, kisha itaanza kushuka nitraiti ikipanda. Nitraiti hukaa juu muda mrefu na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kwa kawaida kazi nzima huchukua wiki nne hadi sita, na joto letu husaidia. Tangi limeiva pale ambapo ukiweka amonia ya miligramu 2 kwa lita, baada ya saa 24 amonia na nitraiti zote zinasoma sifuri. Badilisha maji mengi, ingiza samaki wachache kwanza.

Njia ya mkato ninayoiamini ni moja: sponji kuukuu ya filta kutoka kwa mtu ambaye samaki wake ni wazima na hajaingiza wageni karibuni. Ibebe ikiwa imelowa, iweke kando ya yako siku hiyohiyo. Muda hupungua sana.

Umeme sasa. Bakteria hawa wanahitaji oksijeni nyingi. Filta ya kopo iliyofungwa, ile inayokaa nje ya tangi, ikizimika saa kadhaa, walio ndani huanza kufa na maji yake kunuka. Usiiwashe hivyohivyo, mwaga kwanza maji yaliyolala ndani. Kwa mitaa yetu ya kukatika umeme napendelea sponji iliyo wazi ndani ya tangi, na pampu ya hewa ya betri iwe tayari pembeni.

Kama unatumia maji ya mvua, weka mawe ya chokaa, kwa sababu kazi ya bakteria hula ile hali inayoshikilia pH isiporomoke, na ikishuka chini ya 6 kazi yenyewe karibu inasimama.

Tafuta kipimo cha maji cha matone, kisha weka hapa namba za amonia, nitraiti na pH za asubuhi kabla hujabadilisha maji, tukuambie umefika hatua gani.