Barua kwa Mwanangu: Ubao wa Kuharibu

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya pili nilikuwa barazani na punda wa jirani akalia juu ya maneno yako, ndiyo maana ikabidi ya tatu. Huku sote wazima. Kusi limeshika, na bei ya samaki mamako atakueleza mwenyewe.

Umeniuliza mfanye nini huko ofisini Nairobi ili watu walete fikra mpya. Umesema mkubwa wenu aliweka sanduku la maoni karibu na mlango, na mlipolifungua baada ya miezi miwili mkakuta karatasi moja tu, ya mtu anayelalamika kuwa sukari ya chai haitoshi. Kisha ukaniuliza, kwa sauti ya chini kidogo, juu ya yule kijana wako aliyebadilisha mpango wa kushughulikia maombi ya wateja bila kumwambia mtu, kazi ikakwama siku mbili. Wataka kujua umtoe au umwache.

La sanduku ni jepesi. Mwenye sukari ni jasiri, natumai mliongeza. Na hao wengine msidhani hawana la kusema. Nimekwambia hili mpaka mamako ananiigiza: akili watu wanazo, wanachokosa ni ubao wa kuharibu.

Ule ubao wa kukatia samaki, wa pale jikoni, umepasulia samaki aina ya changu juu yake tangu hujafika kimo cha meza. Uliwahi kuupindua?

Ule ni nusu ya mfaa. Ulipokuwa darasa la sita nilipata kazi ya mlango wa nyumba moja ya Shela, wote wa bambakofi. Wajua mfaa ndio unaosimama katikati na kuziba pale mbao mbili zinapokutana, na jicho la mgeni huanzia hapo, kwa hiyo sikumwachia mtu kuuchonga. Nikaupiga randa, nikachora mnyororo kwa penseli toka juu hadi chini, kisha tukaletewa habari ya msiba Faza. Nilikaa siku tatu. Niliporudi nikakuta mtoto wa shangazi yako ameuanza.

Hakufuata penseli. Chini kabisa alichonga mizizi ya mikoko, ile inayosimama wazi maji yakikupwa, ikipanda na kupishana kiasi cha shubiri tatu, na pale juu ilipoanza kukazana ungeweza kuona kwamba alikusudia igeuke yenyewe kuwa mnyororo. Leo naliona hilo. Siku ile niliona mali ya mteja.

Nikacheka. Mwanangu, ningefoka ingekuwa nafuu, kwa sababu kufokewa na fundi ni sehemu ya kazi, kila mtu amefokewa. Nilicheka, na kwa kuwa mimi nimecheka, wale vijana wengine watatu nao wakacheka. Kisha nikachukua msumeno nikaukata mfaa katikati mbele yao. Bambakofi haikatiki upesi. Nilipofika nusu hasira zilikuwa zimeshaniisha, lakini mkono uliona haya kusimama.

Jioni alifunga patasi zake ndani ya kikoi. Alfajiri akapanda mashua ya Mokowe. Yuko Malindi mpaka leo, na kila Idi hunipigia simu kwa adabu zote, na hatujawahi kuutaja mfaa.

Sasa mamako husema nilikuwa na haki yangu, na kuna siku namkubalia. Mbao ile haikuwa yake kuiharibu. Haikuwa hata yangu, ilikwishalipiwa nusu. Kijana angeniuliza kwanza! Hapo ndipo najijibu mwenyewe: angeniuliza, ningemwambia nini? Ningemwambia la. Nakshi zetu ni urithi, mji huu wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na mimi ni katika wale wanaosema zisiguswe. Halafu usiku nakumbuka mtepe, chombo cha baharini cha zamani. Mababu walishona vyombo kwa kamba za kumbi, bila msumari hata mmoja, na leo mtepe umebaki mfano wa kuangaliwa makumbusho. Aliyegongelea msumari wa kwanza hapa pwani sidhani alipigiwa makofi. Basi urithi wangu huu nao ulikuwa uharibifu wa mtu fulani. Nikifika hapo nageuka upande wa pili nalala.

Lililonitia hofu zaidi lilikuja baadaye. Miaka saba hakuna kijana aliyeleta kwangu kitu chake. Walifuata penseli. Kazi ilitoka safi, wateja wakasifu, na mimi nikajisifu kwa jirani kwamba karakana yangu ina adabu. Kumbe ni kimya. Sanduku lenu la maoni mimi nilikuwa nalo, mwanangu, sema langu lilikuwa na meno ya msumeno.

Umenieleza pia ya ile semina, kuhusu kampuni ya 3M ya Marekani inayowaachia mafundi wake asilimia 15 ya muda wao kwa mambo wanayoyawaza wenyewe, na kwamba mkubwa wenu ataka kuiga. Aige, lakini asikilize hadithi mpaka mwisho. Yule Spencer Silver, mkemia wao, alikuwa akitafuta gundi kali mwaka 1968, akapata gundi dhaifu, inayoshika na kubanduka. Kwa hesabu ya karakana yangu hiyo ni mbao iliyoharibika. Akazunguka nayo miaka akiwaonyesha wenzake, hakuna aliyejua itafaa nini, mpaka 1974 mwenzake Art Fry, aliyechoka kudondokewa na vikaratasi vya kuashiria kurasa katika kitabu chake cha nyimbo za kanisani, akaikumbuka. Vile vikaratasi vya rangi mnavyobandika kwenye kompyuta vilienea madukani mwaka 1980. Hesabu: miaka 12. Saa za Ijumaa alasiri mtazitoa, hilo halina tabu. Mtakuwa na nani wa kumvumilia mtu anayezunguka na gundi mbovu miaka 12 bila kumcheka kwenye korido? Huo ndio ubao ninaousema mimi. Saa ni sehemu yake ndogo.

Na usidhani nilijifunza mara moja. Fikra ya lile dau la plastiki ilipoanza 2016, na Ali Skanda na mafundi wenzake wakaanza kulijenga hapa hapa Lamu kwa taka zilizookotwa, nilikuwa uwanja wa Mkunguni na wazee wenzangu, na nilicheka tena. Dau la plastiki! Likashuka majini 2018, mita 9, limevishwa kandambili kuukuu zipatazo 30,000, rangi zote za dunia, na 2019 likasafiri mpaka Zanzibar, kama kilomita 500. Lilijengwa kwa ufundi ule ule wa madau ya mbao. Siku ya kushushwa nilikwenda kulishika ubavuni kwa kiganja. Nilitaka nione kasoro, na fundi hakosi kuona kasoro. Niliziona mbili, nikazimeza.

Juu ya kijana wako, nilitaka nikuandikie neno moja nimalize. Nimeliandika na kulifuta. Mtoto wa shangazi yako nilimhukumu kwa muda wa kufungua mlango, na huyu wako simjui, sijui kama wateja walioumia siku mbili ni wa harusi au wa hospitali, sijui kama alikuwa na pahali pengine pa kujaribia asipatumie. Hilo la mwisho lichunguze kabla ya mengine. Kama hakuwa napo, basi... Hapana. Nimesema sihukumu. Ila niambie jambo moja utakapopiga: alipokosea, nani alicheka?

Ule ubao wa samaki nilimwambia mamako tuutoe jikoni, tuusafishe, labda Idi hii niupeleke Malindi. Amekataa katakata. Asema mbao nyingine zote huteleza mezani akipara magamba, huu pekee hukaa, kwa sababu ya ile mizizi chini.

Babako