Diski tatu mkononi: niziunge zote?

SWALI: Shikamoo fundi. Narekodi simulizi za wazee, sauti na video, na zote zimo kwenye diski moja ndani ya kompyuta yangu ya mezani inayotumia Linux. Zimefika terabaiti 1.5. Sasa nimepata diski 3 za terabaiti 4 kila moja. Mbili ni mpya, ya tatu haina kitu na niliitoa kwenye kasha lake la nje la USB. Rafiki yangu anasema niziunge zote kwa RAID 5, yaani njia ya kuunga diski kadhaa zifanye kazi kama moja, nitapata terabaiti 8, na sitahitaji kutunza nakala pengine kwa kuwa hata diski moja ikifa hakipotei kitu. Nimeanza kuzifunga, lakini hiyo iliyotoka kwenye kasha haizunguki kabisa. Imekufa? Na ushauri wa rafiki niufuate?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hesabu ya rafiki yako ni sahihi. Aliposema huhitaji nakala ndipo nisipokubaliana naye hata kidogo, maana wazee uliowarekodi huenda wengine hawapo tena wa kukusimulia upya.

Tuanze na diski isiyozunguka, kwa sababu nadhani ni nzima. Plagi ya umeme ya SATA, ile inayochomekwa kwenye diski ndani ya kompyuta, ina pini 15. Katika diski nyingi za miaka ya karibuni, pini ya 3 imepewa kazi mpya: ikipata umeme, diski hujizima. Pawasaplai za zamani, yale maboksi yanayogawa umeme ndani ya kompyuta, hupeleka volti 3.3 kwenye pini hiyohiyo, basi diski inatii na kukaa kimya. Mafundi huiziba pini hiyo kwa kipande chembamba cha utepe usiopitisha umeme. Wewe usihangaike. Irudishe kwenye kasha lake la USB, nitakuja kukueleza itafanya kazi gani humo.

Sasa RAID 5. Chukua diski tatu. Ya kwanza imeandikwa 7, ya pili 5, na ya tatu imeandikwa jumla yake, 12. Ya pili ikifa, unatoa 7 kwenye 12, unaipata 5 yako. Ndani ya kompyuta hesabu inafanywa kwa sifuri na moja, na hizo jumla husambazwa ili kila diski ibebe fungu lake, ila wazo ni hilohilo. Ndiyo maana nafasi ya diski moja nzima inaliwa: diski 3 za terabaiti 4 zinakupa 8. RAID 0 ingekupa zote 12, lakini haina jumla popote. Ikifa moja, zimekwenda zote. RAID 1 ni kioo: kinachoandikwa huku kinaandikwa na kule.

Neno hili RAID lilianza kujulikana mwaka 1988, kwa andiko la David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani. Walitaka diski ndogo za bei nafuu zifanye kazi ya diski moja kubwa ya ghali. Tatizo walilolikuta ni kwamba diski zikiwa nyingi, uwezekano wa mojawapo kufa nao unakua. Akiba ya hesabu iliwekwa ili kazi isisimame diski inapokufa. Lakini ukifuta faili kwa bahati mbaya, safu nzima, yaani diski zote ulizoziunga, inafuta pamoja nawe, papo hapo, kwa utiifu kamili. Kirusi kikifunga faili zako, kinazifunga kwenye diski zote. Pawasaplai ikiunguza, inaunguza zote kwa pamoja, maana zinakula umeme mmoja.

Na kuna saa za kujenga upya. Diski ikifa na ukaweka mpya, kompyuta lazima isome zile zilizobaki mwanzo hadi mwisho. Kwa terabaiti 4 na mwendo wa megabaiti 150 kwa sekunde, ni zaidi ya saa 7, na humo mwote RAID 5 yako haina akiba yoyote. Diski zilizobaki mara nyingi zina umri sawa na iliyokufa.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningefanya hivi: zile mbili mpya ziunge kwa RAID 1. Utapata terabaiti 4, na wewe una 1.5 tu. Ya tatu, ndani ya kasha lake, iwe nakala. Ichomeke mara moja kwa wiki, nakili, ichomoe, kaiweke chumba kingine, au bora nyumba nyingine. Diski iliyochomolewa haifutiki kwa kosa la kidole.

Kwenye kuzifunga nina machache. Chomoa waya wa ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache umeme uliobaki utoke. Shika diski ubavuni, usiguse ule ubao wa kijani chini yake. Skrubu za diski ya inchi 3.5 ni nene kidogo kuliko za inchi 2.5, ikigoma kuingia usiilazimishe, umeshika isiyo yake. Kati ya diski na diski acha nafasi hewa ipite. Na tafadhali, kama pawasaplai yako ni ile yenye nyaya za kuchomoka, tumia nyaya zilizokuja nayo tu. Nimeziona diski mbili zikifa ndani ya sekunde moja kwa waya wa pawasaplai nyingine: plagi iliingia bila shida, lakini mpangilio wa umeme upande wa pili ulikuwa tofauti. Ilibaki harufu tu.

Kabla hujafunga kifuniko, andika namba tambulishi ya kila diski kwenye utepe wa karatasi, ubandike upande unaoonekana. Hili nalisema kwa uchungu. Nilikuwa na safu ya RAID 5 ya diski 4, picha za harusi za mteja. Kompyuta ikasema diski namba 2 imekufa. Nikahesabu kutoka juu: moja, mbili, nikachomoa. Ubao mama, yaani bodi kuu ya kompyuta, ulikuwa unahesabu kuanzia 0. Nilichomoa nzima, safu ikasimama. Hata hapo picha zilikuwa bado zipo. Kwa haraka nikaamuru safu iundwe upya badala ya kukusanywa, kwa mpangilio usio wake, ikaanza kuandika hesabu mpya juu ya picha. Yule bibi harusi nilimweleza mwenyewe, uso kwa uso, na sijasahau alivyonyamaza.

Kwenye Linux amri lsblk -o NAME,SIZE,SERIAL itakuonyesha ipi ni ipi, ukilinganisha na utepe wako. Majina kama sdb na sdc hubadilika ukihamisha nyaya. Namba tambulishi haibadiliki. Safu iunde kwa mdadm, programu ya Linux ya kusimamia safu, usitumie RAID ya kwenye BIOS, ile programu ya ndani ya ubao mama. Ubao mama ukifa, diski zako utazichomeka kwenye kompyuta nyingine yoyote ya Linux na zitasomeka. Ikitokea siku safu haionekani, amri ni --assemble. Usiiguse --create, hiyo ni ya siku ya kwanza tu.

Kisha, kabla hujaweka hata simulizi moja, iue diski mojawapo kwa makusudi kwa mdadm --fail. Fungua faili la /proc/mdstat linaloonyesha hali ya safu: ile alama ya [UU], U moja kwa kila diski nzima, itageuka [U_] au [_U]. Iondoe kwa --remove, irudishe kwa --add, utazame mpaka [UU] irudi. Uizoee sura ya safu yenye mgonjwa ukiwa umetulia. Weka pia barua pepe yako kwenye mipangilio ya mdadm na uhakikishe ujumbe wa majaribio unafika, kwa sababu kioo chenye upande mmoja kinafanya kazi vizuri tu, na unaweza kukaa nacho mwaka mzima bila kujua.

Ile diski ya zamani usiifute mpaka umefungua simulizi kadhaa kwenye safu mpya na kwenye nakala, ukazisikiliza.

SWALI: Fundi, diski imeandikwa terabaiti 4, Windows inaonyesha 3.6. Nimeuziwa feki?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Kiwandani terabaiti ni baiti 1,000,000,000,000. Windows inagawanya kwa 1,024 mara nne, kisha inaandika herufi zilezile TB. Nafasi yako ipo yote. Ingeonyesha 2 hivi badala ya 3.6, hapo ningekuambia angalia kama ilitayarishwa kwa MBR, mpangilio wa zamani wa kugawa diski. Diski inayozidi terabaiti 2 inataka GPT, mpangilio mpya.