Kadi ya sauti: ununue, au ubaki na ya kwenye madabodi?

Ndugu yangu wa Ujiji, umesema unarekodi kwaya kwa kompyuta ya mezani, unasikia mvumo, na fundi anataka ununue kadi ya sauti ya ndani, ile inayochomekwa kwenye madabodi (ubao mkuu wa kompyuta) ili kuingiza na kutoa sauti. Subiri kwanza.

Kwa kusikiliza tu, chipu ya sauti iliyo kwenye madabodi inatosha. Kwa vipimo vya ubora wa sauti, nyingi za siku hizi hufika biti 24 na kHz 48 au zaidi. CD yenyewe ni biti 16 na kHz 44.1. Shida ni kuingiza sauti: tundu la maiki ni dhaifu, tena jirani zake ni feni, pawa saplai na kadi ya picha, vyote vinatoa kelele ya umeme. Kadi ya ndani nayo inakaa humo humo kwenye kelele, kwa hiyo unaweza kulipa na mvumo ukabaki.

Jaribu tundu la nyuma badala ya la mbele, kisha kagua ethi (waya wa umeme unaoshuka ardhini). Mimi nilipopanga Mwanga, soketi ilikuwa ya matundu matatu, kumbe ethi haikuunganishwa popote! Ilipoungwa, mvumo ukakata.

Ukiendelea kuusikia, chukua kadi ya nje ya USB yenye tundu la XLR (la duara, la waya wa maiki wenye pini tatu) na umeme wa volti 48 kwa maiki za kondensa, ambazo haziwaki bila umeme. Hata ukihamia laptop utaondoka nayo.